Ng'ombe wa Kuitwa

Saa nane mchana, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye mikeka na vyombo vya chakula vimekwisha oshwa, Mzee Projest alikuwa barazani kwake, Ihanda, akicheza karata na binti yake Kokushubira. Ilikuwa hivyo kila siku isipokuwa Jumapili. Mzee alikuwa mzee wa kanisa mstaafu, Mlutheri asiyeyumba, na kuhusu Jumapili hakukuwa na mjadala. Siku nyingine zote aliiba karata bila haya.

Mchezo wenyewe uliitwa Himaya. Winston, mtoto wa kiume wa mzee, mtumishi wa serikali kule Rubwera, aliununua Bukoba awapelekee wanawe. Wanawe waliutazama mara moja wakarudi kwenye simu zao, na boksi likaishia kwa babu, pamoja na redio mbovu na suruali zilizokwisha kumbana Winston kiunoni. Mzee alikisoma kitabu cha kanuni jinsi alivyozoea kusoma katekisimu, yaani kwa kidole, kwa sauti, na bila kuruka ukurasa. Kokushubira alizishika kanuni zote kwa kumsikiliza tu huku akimenya ndizi.

Hazikuwa ngumu. Kila mchezaji ana fungu lake la karata, na nyingi ni za viumbe: simba, askari, mwindaji, malkia. Ukiilaza karata mezani, kiumbe ameingia uwanjani. Lakini wapo viumbe wasio na karata zao wenyewe. Hao huitwa na karata nyingine, na kitabu kiliwapa jina la viumbe wa kuitwa. Kilisema waonyeshwe kwa kitu chochote kilicho karibu, kizibo cha soda au kijiwe. Kwa Mzee Projest kilichokuwa karibu ni kahawa, kwa hiyo kila kiumbe wa kuitwa alikuwa punje moja ya kahawa.

Kiumbe wa kuitwa hufanya kazi zote anazofanya mwenye karata. Anashambulia, analinda, anakufa. Ila mwenye karata akifa huwekwa kwenye rundo linaloitwa kaburi, na ikitokea bahati hufufuliwa. Au hurudishwa mkononi, akangoja kutoka tena. Wa kuitwa akitoka uwanjani, kwa njia yoyote ile, hayupo. Hana kaburi wala mkono wa kurudia. Na kiumbe yeyote aliyeingia leo haamrishwi leo, angoje zamu inayofuata.

"Hawa wanaonewa," alisema Kokushubira siku ya kwanza aliposikia.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mwanangu," alisema baba yake, na akatumia nafasi hiyo kuficha karata chini ya paja.

Kokushubira alikuwa amerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume kule Kituntu. Shemeji zake walimweleza kwa upole kwamba shamba ni la ukoo wao, na mtoto, Joviness, ni wa ukoo wao vilevile. Wakabaki na shamba na mtoto, yeye wakamsindikiza hadi barabarani na furushi lake. Alikikuta kibanja cha baba yake, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kikiwa hoi. Mnyauko ulikuwa umeila migomba na mibuni ilikuwa imebaki fito. Aling'oa, akachoma, akapanda upya, mkono mmoja kwenye jembe na mwingine ukimpikia baba yake. Alitaka jambo moja tu maishani na hakulificha: alitaka kibanja hiki kiwe chake, ili asisindikizwe tena na mtu hadi barabarani.

Alasiri moja ya kiangazi alilaza karata inayoitwa Bibi wa Nyanda, ambayo huita ng'ombe wawili. Akaweka punje mbili mezani. Baba yake alipoinua kichwa kutafuta hila ya kujibu, waliona ng'ombe wawili wa pembe ndefu wamesimama uani karibu na jiko, pua zao zimeelekea kwenye maganda ya ndizi.

"Zamu yako, Taata," alisema Kokushubira.

"Nawaona," alisema mzee. "Lakini hawa leo hawafanyi kitu."

Kweli hawakufanya kitu. Walisimama palepale hadi asubuhi, bila kula wala kupepesa sikio. Kulipokucha walianza kutafuna maganda, na Kokushubira akawakamua. Maziwa yalikuwa ya kawaida. Ng'ombe wenyewe walifanana hadi doa jeupe juu ya jicho la kushoto, jambo lililomsumbua mzee kidogo, kwa kuwa hakujua yupi ampe jina lipi.

Restuta, jirani wa upande wa bondeni, alikuja akasimama kwenye mulamula. Hiyo ni mimea ya majani membamba marefu ambayo watu wa huku huipanda mpakani, na ambayo mtu mwenye akili haing'oi.

"Mama Jovi, hao ng'ombe wenu wanafungwa au wanajitembelea?"

"Watafungwa."

"Afadhali. Maharage yangu yametoa maua."

Hilo ndilo swali pekee walilowahi kuulizwa na jirani. Afisa mifugo alikuja na pikipiki, akawavalisha hereni za utambulisho, akasikitika kwamba hawakuwa na asili inayojulikana, akaondoka na jagi la maziwa.

Muda si mrefu mmoja wao alikata kamba akashuka moja kwa moja kwenye maharage ya Restuta. Alipovuka mulamula, hakuwepo. Hereni ilidondoka kwenye matuta. Restuta aliiokota akairudisha, akashukuru kwamba ng'ombe hakula hata jani. Kokushubira na baba yake wakajua basi uwanja unaishia wapi. Hawakuhuzunika sana, maana mchezo mwingine ulipoanza na Bibi wa Nyanda akalazwa tena, wakaja wengine wawili wenye doa lilelile.

Maziwa ni maziwa, lakini mali hasa ilikuwa samadi. Kokushubira aliibeba kwa ndoo akaifukia kwenye kila shina, na mvua za vuli zilipokuja migomba ikazaa mikungu iliyohitaji kuegemezwa kwa miti miwili miwili. Vijana wa bodaboda waliokuja kuchukua ndizi walipakia mkungu mmoja kwa safari na bado walilalamika. Habari zikafika Rubwera. Winston, ambaye siku zote alipopigiwa simu alikuwa sehemu isiyo na mtandao, alianza kuja kila Jumamosi. Alitembea kwenye migomba, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa furaha.

"Baba, kibanja kimependeza," alisema. "Hivi omusika si ndiye mimi?"

Omusika ni mrithi, na huku kwetu mrithi ni mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume alikuwa mmoja, kwa hiyo jibu alikuwa nalo alipouliza.

Mzee Projest alivaa koti lake la kanisani, akatia kitabu cha kanuni za Himaya mfukoni kwa sababu alikuwa amezoea kutembea nacho, akaenda kwa Mzee Clavery, mkubwa wa ukoo, kuomba kikao.

Wazee walikuja siku iliyopangwa. Winston, akitaka waonekane watu wa heshima, aliagiza ng'ombe mmoja achinjwe.

"Hawachinjiki hao," alisema Kokushubira.

"Dada, ng'ombe gani asiyechinjika?"

Wanaume wa ukoo wakamlaza ng'ombe, wakaomba sala fupi, kisu kikapita. Kisha walikuwa wamepiga magoti uani wakiwa wamekumbatia hewa, na hereni iko chini. Sufuria ilikuwa imekwisha chemka. Mzee Clavery alinawa mikono, akasema kwamba marehemu baba yake naye aliwahi kuwa na ng'ombe wa namna hiyo, hawafai kwa sherehe. Wakala ndizi kwa maharage. Wazee walioitwa kwenye nyama wakapewa maharage hawana subira na hotuba ndefu.

Kwa hiyo Mzee Projest alisema kwa kifupi. "Kibanja hiki kilikuwa kimekufa. Aliyekifufua mnamwona. Nataka kiwe cha Koku."

Winston alichunguza kucha zake.

"Projest, ndugu yangu," alisema Mzee Clavery, "binti yako hatumkatai. Amelima, na tumekula. Lakini mtoto wa kike ni wa kuondoka. Kesho anaolewa, kibanja cha ukoo kinaondoka na nani?"

"Nilikwisha olewa, baba, nikarudishwa," alisema Kokushubira. "Siondoki tena."

"Vizuri sana. Basi ukoo unasema hivi. Akae. Alime. Ale. Maadamu yumo ndani ya mulamula hii, hakuna wa kumgusa, hata Winston. Ila akitoka, ametoka."

"Hiyo ni kanuni ya wale ng'ombe," alisema Mzee Projest.

"Basi ni kanuni inayofanya kazi," alisema Mzee Clavery.

Rubisi, pombe ya ndizi, ikamiminwa, kila mzee akapiga funda lake, na neno likawa limefungwa. Wote waliona wamekuwa wema kupita kiasi. Mmoja alimshika Kokushubira bega akamwambia kwamba zamani wasingemwachia hata jiko.

Asubuhi yake Kokushubira alikwenda mpakani kumrudishia Restuta ungo. Alipounyosha mkono juu ya mulamula, mkono uliishia kwenye kifundo. Ungo ulianguka upande wa Restuta. Alipouvuta mkono ulikuwa mzima, na vidole vyote vilikuwepo, pamoja na pete. Akaujaribu tena, na tena ukaishia palepale. Haukuuma.

Restuta aliokota ungo, akaupiga vumbi.

"Basi ukihitaji chumvi uwe unaniita," alisema.

Kokushubira alikasirika. Aliingia kwenye migomba akaukata mgomba mmoja usio na kosa lolote, kisha akakaa juu ya gogo lake. Hasira ilipopungua alimweleza baba yake, na mzee akashika fimbo akaenda kwa Mzee Clavery kumwomba abadilishe maneno. Mzee Clavery alimpokea vizuri, akamuuliza habari za magoti yake, akasema jambo la mkono anaamini. Lakini maneno yaliyokwisha kunywewa rubisi hayatapikwi. Tena, aliuliza, binti ana shida gani? Ana chakula, ana baba, ana ng'ombe.

Watu wakazoea. Restuta alileta chumvi na sabuni. Mchungaji alikuja mwezi hadi mwezi na kumpa meza ya Bwana juu ya mulamula, akiangalia vidole vyake mwenyewe visivuke sana, ingawa hakukuwa na la kumpata yeye. Winston alipiga simu kusema kwamba hata yeye angependa kukaa nyumbani hivyo bila usumbufu wa safari.

Kisha Joviness akapata mchumba. Alikuwa kijana wa hapahapa Ihanda, fundi baiskeli aitwaye Ainebyona, na ndoa ingefungwa kanisani, lile kanisa ambalo paa lake la bati lilionekana kutoka barazani kwa Mzee Projest. Joviness alipiga simu kutoka Kituntu.

"Mama, utakaa kiti cha mbele."

"Nitakaa," alisema Kokushubira.

Alikata simu, akakaa chini katikati ya kahawa iliyoanikwa, akalia. Alikuwa amemlea mtoto huyo hadi umri wa kuanza shule, halafu akamwona kwa likizo tu. Sasa angemkosa hata siku hiyo, na kanisa lenyewe analiona kwa macho.

Mzee Projest alimtazama. Alichukua kitabu cha kanuni akakisoma upya tangu jalada, kwa kidole na kwa sauti. Kuhusu kumfufua kiumbe wa kuitwa hakukuta chochote, na hakutegemea. Lakini karibu na mwisho, mahali ambapo wachezaji wengi hawafiki, paliandikwa kwamba uwanja ni sehemu yote iliyo ndani ya mpaka. Mzee alisoma mstari huo mara kadhaa. Haukusema mpaka uwe na umbo gani. Mtu aliyeiba karata miaka yote hiyo huitambua nafasi anapoiona. Alichukua panga, akaenda kukata fito za mulamula.

Mulamula haina makuu. Ukikata fito ukaichomeka ardhini, inashika. Mzee alifungua mpaka pale unapokutana na njia ya kanisani, akaanza kuchomeka fito kushoto na kulia kwa njia, akipiga magoti yale aliyoulizwa habari zake. Kokushubira alisimama nyuma yake. Fito mbili za kwanza zilipokaa sawa, alitia mguu katikati, na mguu ukabaki kuwa mguu.

"Endelea, Taata," alisema.

Waliendelea hivyo siku baada ya siku, baada ya chakula cha mchana, saa zilezile za karata. Wenye baiskeli zilizopakia ndizi walipita katikati ya mistari miwili wakiwapa pole ya kazi. Hakuna aliyewazuia, kwa kuwa njia ilikuwa ya watu wote, na cha watu wote hakina mwenyewe wa kukigombania. Restuta alichomeka mwenyewe kipande kilichopita mbele ya nyumba yake, akaomba tu waache upenyo wa mbuzi. Mistari ilishuka bondeni, ikavuka kijito juu ya magogo, ikapanda kilima, ikafika kwenye ngazi za kanisa. Hapo ilikoma. Wazee wa kanisa walikataa kutoboa sakafu, wakisema saruji ile ni mpya. Kanuni yenyewe ya kutochezea sakafu aliipitisha Mzee Projest.

Siku ya ndoa Kokushubira alivaa gomesi ya kijani akatembea hadi kanisani kwa miguu yake. Ng'ombe wawili walimfuata, kwa sababu njia sasa ilikuwa uwanja wao pia, wakafungwa nje karibu na gari la bwana harusi. Kiti cha mbele kilibebwa kikawekwa nyuma kabisa, juu ya ngazi, mlangoni. Hapo ndipo alipokaa. Mchungaji alipaza sauti ili mama wa bibi harusi asikie. Joviness alipokwisha kula kiapo alikuja mbio kutoka madhabahuni, shela ikiburuzwa, akamkumbatia mama yake pale mlangoni, na wote wawili wakalia hadi kwaya ikarudia wimbo. Kokushubira alifurahi siku ile kuliko siku nyingine yoyote tangu arudi Ihanda. Alikuwa na uchungu pia, na alimwambia hivyo Restuta njiani wakirudi, na Restuta akamwambia kwamba hata hivyo gomesi ilimkaa vizuri.

Mzee Projest aliugua mvua za masika zilipoanza, akafa kabla hazijakwisha, akiwa na karata mbili za ziada kwenye mkono wa shati. Alizikwa kibanjani, kati ya migomba. Mulamula ya njiani ilikuwa imeshika yote, majani yamekutana, na wageni waliokuja msibani waliisifu.

Baada ya matanga ukoo ulikaa. Winston alisimamishwa kuwa omusika, akakabidhiwa kibanja, nyumba na mibuni, akatoa shukrani zilizoandaliwa vizuri. Neno kuhusu Kokushubira, akae alime ale, lilirudiwa kwa sauti ili lisisahaulike. Shughuli ilikuwa imekaribia kwisha mzee mmoja alipouliza: na ile njia ya kanisani je, ni ya nani?

Lilikuwa swali zuri. Mzee Clavery aliinuka na fimbo yake, akaitembea njia yote hadi ngazi za kanisa na kurudi, wengine wakimngoja wakinywa. Alipoketi alisema hakuona utata wowote. Ardhi yenye mulamula pande zote mbili ni kibanja. Kwa hiyo njia ni sehemu ya kibanja, na ni ya Winston.

Winston alishukuru tena, mara hii bila maandalizi.

"Njia ile Taata aliipanda kwa ajili yangu," alisema Kokushubira. "Kwa magoti yake. Ninyi mlikuwa mnapita mnampa pole."

"Na nani amekukataza kuipita, binti yangu?" aliuliza Mzee Clavery.

"Mnanionea."

Wazee walitikisa vichwa kwa heshima, jinsi watu wanavyopokea habari kwamba mvua imechelewa. Walisema wamemsikia. Walinong'onezana kidogo, kisha wakatoa neno la mwisho, na rubisi ikamiminwa kulifunga. Njia ni ya Winston, lakini Winston anakaa Rubwera. Kwa kuwa Kokushubira ndiye anayeipita, ukoo umeona ni haki awe anaipalilia, hasa kule juu karibu na kanisa, ambako magugu yakiota yanaonekana na watu.